Kumezwa si kuingia

Seli haitoboki kirahisi. Siku ya kwanza nilipokaa mbele ya hadubini yenye sindano nilidhani kazi ni kulenga tu: seli unaiona, ncha unaiona, unashusha, inaingia. Kumbe ukishusha ncha, utando wa seli unabonyea. Ukizidi kushusha, unazidi kubonyea, kama puto lililopungua upepo linavyokipokea kidole bila kupasuka. Kwenye skrini nuru inachezacheza pale ncha ilipo, nawe unaapa kwamba umeshafika ndani. Unasukuma dawa. Unainua ncha. Seli inarudia umbo lake, imetulia kimya, na dawa yote imemwagika nje yake, majini.

Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni kupeleka protini ndani ya seli moja iliyo hai kwa sindano ambayo tundu lake ni nanomita mia chache. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000. Aina nyingi za seli za miili yetu zina upana wa nanomita 10,000 hadi 30,000 hivi. Utando unaoizingira seli hauzidi nanomita 10. Ukilinganisha na upana wa seli yenyewe, ukuta huo ni mwembamba mara elfu moja na zaidi, na bado unatutoa jasho. Tundu la sindano hulioni vizuri hata kwa hadubini nzuri ya nuru, kwa sababu ni dogo kuliko urefu wa wimbi la nuru unayoonea. Unachokiona ni kivuli cha ncha, na kivuli hakisemi kama kiko ndani au juu.

Nilipomweleza mama kwa simu, alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sasa mwanangu, mtu mzima ana seli ngapi?"

"Kama trilioni thelathini hivi, mama."

"Na wewe unazichoma moja moja?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huyo mgonjwa wako atazeekea kwenye foleni."

Nilicheka, lakini baada ya kukata simu nilichukua kikokotoo. Tuseme nimekuwa hodari, nachoma seli moja kila dakika, silali wala sili. Seli trilioni 30 ni dakika trilioni 30, na mwaka una dakika 525,600. Jibu ni miaka milioni 57. Mama alikuwa amekosea kidogo tu: mgonjwa hatazeeka, atakuwa kisukuku.

Swali lake lilinikaa kichwani muda mrefu, maana lilikuwa la haki. Kama hii si njia ya kumtibu mtu, ni ya nini?

Jibu langu linaanzia kwenye insulini. Januari 1922, huko Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini akawa mtu wa kwanza mwenye kisukari kutibiwa kwayo. Insulini ni protini, ndogo, asidi amino 51 tu. Uzuri wake ni kwamba haina haja ya kuingia ndani ya seli ili ifanye kazi. Inafika mlangoni, inagusa kipokezi kilichochomoza kwenye utando, na seli yenyewe inajua la kufanya na sukari. Dawa za kingamwili zilizofuata miongo mingi baadaye hufanya kazi kwa mtindo huo huo. Zinashika kitu kilicho nje ya seli, au kinachoelea kwenye damu, na hazivuki kizingiti. Ukiziangalia dawa za protini zilizopo leo, nyingi mno ni za nje.

Wakati huo huo, mambo mengi yanayoharibika mwilini yanaharibikia ndani. Vimeng'enya vilivyopungua, protini zilizojikunja vibaya zikagandamana, swichi za saratani ambazo zimekwama kwenye "washa". Kidonge cha kawaida hufika huko kwa kuwa molekuli yake ni ndogo na nyingine hupenya kwenye mafuta ya utando bila kuomba ruhusa. Protini haiwezi. Ni kubwa, imejaa chaji za umeme juu yake, na mafuta haiyapendi. Kingamwili moja ina uzito wa kilodaltoni 150 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) na upana wa nanomita kumi na kitu, yaani ni pana kuliko unene wa ukuta inaotakiwa kuuvuka. Kuipitisha hapo bila kubomoa chochote ni kama kupitisha kabati kwenye pazia la shanga: hakuna shanga inayopaswa kukatika, na kabati lenyewe ni la karatasi.

Njia ya kawaida ya kuzunguka tatizo hili ni hila. Mwaka 1988 maabara mbili ziliripoti kwamba protini moja ya virusi vya UKIMWI, iitwayo Tat, huingia kwenye seli yenyewe ukiimwaga tu kwenye kisahani. Tangu hapo watu wamekata kile kipande cha Tat kinachofanya maajabu, kimkia kifupi chenye chaji nyingi chanya, na kukibandika kwenye protini nyingine wakitumaini kitazivuta ndani. Wengine wanafunga protini kwenye viputo vidogo vya mafuta. Sisi tulitumia kimkia.

Protini yetu sitaitaja. Haikuwa na jina zuri na haikufika popote. Tuliibandika rangi nyekundu inayong'aa, tukaimwaga juu ya seli, tukasubiri, tukaosha, tukaangalia. Nilikuwa peke yangu chumbani, taa zimezimwa, na kwenye skrini kila seli ilikuwa imejaa nukta nyekundu, mamia, kama anga ya usiku usio na mwezi. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nilipiga picha nyingi nikazituma kwa kila mtu kwenye timu, pamoja na wasioniomba.

Aliyekuja kuangalia ni fundi mkuu wa hadubini, mama mmoja mtulivu ambaye sote tulimwita dada japo angeweza kutuzaa. Hakukaa. Aliinama, akatazama kwa muda kama wa kunywa funda moja la maji.

"Mdogo wangu, hizi nyota ziko wapi?"

"Ndani ya seli, dada."

"Ndani wapi?"

Nikakosa jibu.

"Usiseme zimeingia," alisema. "Sema zimemezwa."

Kumeza na kuingiza ni vitu viwili, na tofauti yake ndiyo inayoua dawa nyingi za protini kabla hazijazaliwa. Seli inapokutana na kitu kikubwa juu ya utando wake, kwa kawaida haikifungulii mlango. Utando unadidimia, unakizunguka, unajifunga, na kitu kinajikuta ndani ya kifuko kinachoitwa endosomu. Ukitazama kutoka juu, kiko ndani ya seli. Kwa hakika bado kiko nje, kama vile ulichokimeza kilivyo tumboni na hakijawa sehemu ya damu yako. Kifuko kinasafirishwa kwenda ndani, kikizidi kuwa na tindikali njiani, mpaka kinakutana na lisosomu, ambako pH, kipimo cha tindikali, ni kama 4.5 hadi 5 na vimeng'enya vinasubiri kukata protini vipande vipande. Isipotoroka mapema, haitoroki tena.

Na wanaotoroka ni wachache. Mwaka 2013 watafiti waliofuatilia vipande vya RNA, molekuli ya jamii ya DNA, vilivyobebwa na viputo vya mafuta waliona kwamba ni asilimia 1 hadi 2 tu vilivyofanikiwa kutoka kwenye vifuko na kufika kwenye ute wa seli, mahali kazi inapofanyika. Hiyo ilikuwa RNA, lakini protini nazo hupambana na kifuko kile kile. Ukishajua hilo, unajifunza kusoma picha upya. Protini iliyofika kwenye ute hutawanyika. Unaona ukungu wa rangi, laini, umejaa seli nzima. Protini iliyomezwa hubaki nukta nukta. Nyota zangu zilikuwa tumboni zikisagwa.

Lazima nitaje hapa kwamba yapo magonjwa ambayo tumbo hilo ndilo kituo chenyewe. Ugonjwa wa Gaucher hutokana na upungufu wa kimeng'enya kinachofanya kazi ndani ya lisosomu, na tangu 1991 kuna tiba ya kumpa mgonjwa kimeng'enya hicho kwenye mshipa na kuziacha seli zikimeze. Kinamezwa, kinapelekwa lisosomu, kinaanza kazi. Nikiwaza jinsi mambo yalivyojipanga hapo naona wivu kidogo.

Protini yetu haikuwa na bahati hiyo. Ilipaswa kufanya kazi kwenye ute. Tulipopima, haikufanya lolote. Seli zilizopewa na zisizopewa zilikuwa sawa. Kwenye kikao, sauti zilianza kusema protini haifai, tuitupe, tutengeneze nyingine. Hapo ndipo nilipoelewa sindano ni ya nini.

Dawa ya ndani ya seli inaweza kukushinda kwa sababu mbili tofauti kabisa. Ama haifanyi kazi, ama haijafika. Ukiimwaga juu ya seli milioni moja na kupima wastani wao, sababu hizo mbili zinatoa jibu moja: hakuna kilichotokea. Huwezi kuzitenganisha. Watu wametupa protini nzuri, nina hakika, kwa kosa la mbebaji. Na wengine wamehangaika miaka na mbebaji wa protini ambayo hata ingewekwa ndani kwa mkono isingefanya lolote. Sindano inaiweka ndani kwa mkono. Inaliondoa swali la mlango ili ubaki na swali la mgeni.

Wazo la kuchoma seli ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Marshall Barber alikuwa akishika bakteria mmoja mmoja kwa mrija wa kioo uliovutwa ukawa mwembamba sana. Mwaka 1992 timu ya Brussels iliripoti mimba zilizopatikana kwa kudunga mbegu moja ya kiume moja kwa moja ndani ya yai. Lakini yai la binadamu ni jitu: lina upana wa zaidi ya nanomita 100,000, linaonekana hata kwa jicho kama nukta. Seli ya kawaida iliyojibandika chini ya kisahani ni nyembamba, imetandazwa kama kitambaa, na sehemu zake nyingi hazina kina cha kutosha kupokea sindano ya kioo bila kutobolewa mpaka chini. Mtaalamu wa mkono mwepesi aliweza. Sisi wengine tuliua.

Mambo yalibadilika sindano ilipopewa hisia. Mwaka 1986 Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walitangaza hadubini ya nguvu za atomu, ambayo haitazami kitu bali inakipapasa. Ina ncha iliyo mwishoni mwa ulimi mwembamba. Ulimi ukigusa kitu unapinda, mwali wa leza unaoakisiwa mgongoni mwake unahama, na kwa kuhama huko kompyuta inahesabu nguvu. Mwaka 2009 kundi la chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, lilifanya jambo ambalo baada ya kulisikia unajiuliza kwa nini halikufanywa mapema: walitoboa mfereji ndani ya ulimi wote mpaka kwenye ncha, wakauunganisha na pampu ya shinikizo. Wakaiita FluidFM. Ikawa sindano inayojua inagusa nini na kwa nguvu kiasi gani.

Nataka nikuoneshe inavyokuwa, kwa sababu hii ndiyo sehemu niliyoipenda. Kando ya picha ya seli kuna mchoro wa mstari unaoonesha nguvu hiyo. Ncha ikiwa bado juu majini, mstari umelala. Ikigusa seli, mstari unaanza kupanda, pole pole, kwa nanonyutoni chache. Huo ni utando unaobonyea, lile puto langu la siku ya kwanza. Unapanda, unapanda. Halafu unaporomoka ghafla, mporomoko mdogo ambao ukipepesa macho unaupitisha, kisha unaendelea. Hapo utando umetoboka. Unasimamisha ncha. Unafungua shinikizo kwa sekunde chache. Kama unachodunga ni protini ya kijani inayong'aa, ile iliyopatikana kwa mara ya kwanza kwa konyeza wa baharini, unaona kijani kikichipuka kwenye ncha na kufumba na kufumbua kimejaza seli. Si nukta. Ukungu. Baada ya dakika kadhaa hata kiini cha seli nacho ni kijani, kwa kuwa protini hiyo ina kilodaltoni 27 na vitundu vya kiini huachia polepole vitu vilivyo chini ya kilodaltoni 40 hivi vijipitie vyenyewe. Kitu kikubwa zaidi lazima kiwe na kibali cha kuingilia, au uende nacho wewe: kundi lile lile la Zurich lilionesha mwaka 2013 kwamba ncha inaweza kudungwa hadi ndani ya kiini chenyewe.

Siku nilipouona ukungu wangu wa kwanza sikupiga picha hata moja. Nilisahau.

Njia nyingine ya kuipa sindano hisia ni umeme. Unachukua mrija wa kwatzi, aina ya kioo, unaupasha joto kwa leza huku ukiuvuta pande mbili mpaka ukatike, na unapata ncha mbili ambazo tundu lake linaweza kushuka chini ya nanomita 100. Unaweka waya mmoja ndani ya mrija na mwingine majini, mkondo mdogo unapita. Ncha ikikaribia seli, njia ya ayoni, zile chembe zenye chaji zinazobeba mkondo, inabanwa na mkondo unapungua kabla hata hujagusa. Ni kama kusikia ukuta gizani kwa mwangwi wa nyayo zako. Uzuri wake ni udogo wa jeraha. Ubaya wake ni kwamba protini inanata kwenye kwatzi, na tundu dogo namna hiyo linaziba kwa chochote: kijibonge cha protini zilizogandamana, vumbi, kipande cha utando wa seli iliyopita.

Kuhusu kuziba ningeweza kuandika makala nzima na hakuna ambaye angeimaliza. Unazungusha sampuli kwenye sentrifuji kabla ya kuijaza, unaacha shinikizo dogo likitoka muda wote ili maji ya kisahani yasirudi ndani, unaomba. Kuna wiki nzima niliandika kwenye daftari kwamba protini fulani "haina athari," kumbe sindano ilikuwa imeziba tangu Jumatatu. Tangu hapo kila ninachodunga kinachanganywa na rangi ya pili, isiyo na kazi nyingine ila kushuhudia kwamba kitu kimetoka. Na kila mara seli kadhaa hudungwa maji matupu yenye chumvi, kwa sababu tundu peke yake ni tukio kubwa katika maisha ya seli, na usipolipima utaisingizia dawa.

Kilichonivuta zaidi kuliko vyombo ni hesabu. Ukitumia kidonge unasema miligramu. Ukidunga seli moja unaweza kusema idadi. Chukua femtolita moja, yaani sehemu moja ya milioni bilioni ya lita. Ndani yake weka ile protini ya kijani kwa kiwango cha miligramu moja kwa kila mililita. Gawanya uzito kwa uzito wa molekuli, zidisha kwa namba ya Avogadro, ile inayogeuza uzito kuwa idadi ya molekuli, unapata kama molekuli 22,000. Ikiwa ni kingamwili, yenye uzito mkubwa zaidi, ni 4,000 hivi. Seli ya kawaida ya maabara ina ujazo wa pikolita 2 au zaidi kidogo, yaani femtolita 2,000, na ukidunga asilimia 5 ya ujazo huo bado inavumilia. Kwa mara ya kwanza swali la dozi likawa swali ambalo hata mtoto angeuliza: ngapi zinatosha?

Na jibu lake mara nyingine linatisha. Saitokromu c ni protini ndogo iliyo katika kila seli yetu yenye mitokondria, vile vyumba vya nishati, na inakaa humo ikisaidia kuizalisha. Imwage juu ya seli, hakuna kitu. Idunge kwenye ute, hatua chache tu kutoka mahali inapoishi kila siku, na seli nyingi huanza kujiua kwa utaratibu: zinajikunja, zinajikata DNA, zinajigawa vifurushi. Protini ni ile ile. Kilichobadilika ni chumba iliyomo. Nilipoona hilo kwa macho yangu niliacha kabisa kuandika "ndani ya seli" kwenye ripoti bila kutaja ni ndani wapi. Dada hakusema kitu, lakini aliacha kuzungushia hayo maneno kwa kalamu nyekundu.

Mwaka 2017 watafiti wa Cambridge na Göttingen walionesha upande mwingine wa jambo hilo. Walidunga kingamwili za kawaida, zile zinazokaa nje maisha yao yote, ndani ya mayai ya panya. Ndani ya seli kuna protini iitwayo TRIM21 ambayo ikiona kingamwili mahali isipotarajiwa huiita mitambo ya kuharibu, na chochote ambacho kingamwili imekishika kinaharibiwa nayo. Kwa dakika, si kwa siku, protini waliyoilenga ilitoweka kwenye seli iliyo hai. Waliuita mtindo huo Trim-Away. Kingamwili ambayo nje ingekuwa mlinzi tu, ndani imekuwa mkasi. Sidhani mtu angegundua hivyo kwa kumwaga juu na kusubiri nukta.

Basi tukarudi kwenye protini yetu. Tuliidunga, seli arobaini hivi kwa siku nilipokuwa na siku nzuri, nyingine tukizidunga maji matupu, na tukazirudia kesho yake. Ukungu mwekundu ulikuwepo. Na safari hii seli zilijibu: kimeng'enya kilichokuwa kimelala kikaamka, kwenye zilizodungwa, na si kwenye majirani zake zilizokaa kando kwa kando kwenye kisahani kile kile. Protini ilikuwa nzima tangu mwanzo. Aliyestahili kufukuzwa kazi ni kimkia. Haikuwa ushindi mkubwa, kwa sababu baadaye ilionekana inahitaji molekuli nyingi mno kwa kila seli kuliko mbebaji yeyote tuliyemjua angeweza kufikisha, na mradi ukafungwa. Lakini ulifungwa kwa sababu ya kweli. Kwa wanaofanya kazi hii, hilo si jambo dogo, hata kama halina pa kulitangazia.

Mama anapoona kwenye simu zile picha za roboti dogo lenye makucha likiogelea kwenye damu, huniuliza kama ndilo ninalotengeneza. Picha hizo huniudhi. Zinafanya watu wadhani kizuizi ni ukosefu wa roboti, wakati kizuizi ni utando wa mafuta na tumbo lililo nyuma yake. Wanaoziingizia seli nyingi protini kwa ajili ya matibabu hawatumii makucha. Wanatoboa kwa pamoja. Casgevy, tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, inafanywa hivi: seli shina za damu za mgonjwa zinatolewa, zinapigwa na umeme wa muda mfupi unaofungua utando wake, na protini ya Cas9, mkasi wa DNA, ikiwa na RNA yake ya kuielekeza inaingia moja kwa moja kwenye ute, inakata DNA pale inapotakiwa ili seli irudie kutengeneza himoglobini ya kijusi. Kisha seli zinarudishwa mwilini. Ni protini iliyoingia kweli, haikumezwa. Ukilitazama hivyo, swali la mama la foleni linapungua makali: huhitaji kuzifikia seli trilioni 30 ikiwa unaweza kuzitoa zile chache zinazozaa nyingine.

Kati ya sindano moja na umeme wa jumla kuna vyombo vya katikati, na huko ndiko ninakotazama siku hizi. Stanford wametengeneza utando wenye msitu wa mirija ya nanomita kama 100. Seli zinakaa juu yake kama juu ya kitanda cha misumari, na umeme kidogo unafungua mlango pale tu mrija unapogusa. MIT, mwaka 2013, walizipitisha seli kwenye upenyo mwembamba kuliko zenyewe mpaka utando ukapata nyufa za muda na protini ikaingia. Na mwaka huo wa 2023, maabara ya mtafiti Feng Zhang, Marekani, ilichukua sindano ya asili inayotengenezwa na bakteria wa jamii ya Photorhabdus, chombo kilichoundwa kwa protini tupu, ikaibadilisha nyuzi za mkiani ili ishike seli za binadamu na kuzidunga protini ya kuchagua. Hiyo ya mwisho ilinifanya nicheke peke yangu. Sisi tunavuta kwatzi kwa leza na kutoa jasho, bakteria ana sindano tangu lini sijui.

Jumapili iliyopita mama aliniuliza swali jingine. Hakuuliza la foleni, hilo alishalisamehe.

"Hiyo seli ukiichoma, inaumia?"

Nikamwambia haina mishipa ya fahamu, haisikii maumivu. Kisha, kwa kuwa nilikuwa na muda, nikamweleza kinachotokea. Nje ya seli kuna kalsiamu mara elfu kumi kuliko kwenye ute wake. Ukitoboa, kalsiamu inamiminika ndani, na seli inaitumia kama ishara: vifuko vidogo vilivyokuwa ndani vinakimbilia kwenye tundu, vinaungana na utando, vinaziba kiraka. Kwa tundu dogo kazi inaweza kuisha kwa sekunde chache, na isipowahi kuziba, inakufa. Maji yakikosa kalsiamu, inashindwa kujishona vizuri.

"Kwa hiyo inajua imetobolewa."

"Ndiyo, mama, inajua."

"Na inakimbilia kuziba."

"Inakimbilia."

"Sasa kuumia ni nini kingine?"